Mguu Uliooza Kabla ya Kikombe

Mwandishi hakufa kwa sumu. Naanza hapo kwa sababu mimi nikianzia mbali huwa sifiki, na safari hii nisipofika kuna mwanamke anayeweza kupoteza roho yake.

Mimi ni fundi viatu hapa Kimanga, Uvira. Shule nilisoma miaka mitatu kwa mapadri. Mwaka wa nne baba alisema mbuzi hawajui kusoma na bado wananenepa, basi nikaenda kuwafuata mbuzi. Kazi yangu ya pili ni kusimulia. Kwetu mtu akifa, watu wanakaa kwenye kilio siku tatu, siku nne, chini ya turubai, na wafiwa wakichoka kulia wananiita niwasimulie kitu. Kwa hiyo maneno yangu yakizunguka mnivumilie. Nimezoea wasikilizaji wasioweza kuondoka.

Huyo Mwandishi wengi wenu mnamjua kwa vitabu. Mimi nilimjua kwa miguu. Alizaliwa Sange, kule kwenye uwanda wa Ruzizi, mtoto wa walima mpunga, akawa karani wa tribunali miaka mingi kabla hajaandika hata hadithi moja. Kazi yake ilikuwa kuandika PV, ile karatasi ya maneno ya mshtakiwa na mashahidi. Wao wanasema, yeye anaandika, halafu wanatia kidole kwenye wino. Alipostaafu alisema masikio yake yamejaa, lazima ayamwage. Akaanza kumwaga.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha maiti iliyokutwa chini ya magunia ya mchele wakati wa matope, na viatu vyake safi kabisa. Cha pili, mchungaji aliyepotea na baiskeli yake ikarudishwa imeoshwa. Cha tatu sitakisema, kuna watu bado hawajakisoma. Mpelelezi wake hakuwa na jina. Alikuwa mtu mfupi, mwenye tumbo lenye kelele, ambaye kabla ya kuuliza swali alitazama kwanza viatu vya anayeulizwa. Hiyo ya viatu aliitoa kwangu. Nilimwambia siku moja kwamba mimi kisigino kikiliwa upande najua mtu huyo anatembea akigeuka nyuma. Akaandika papo hapo kwenye kaye yake, lile daftari la mfukoni.

Vitabu vyenyewe tulivitengeneza hapahapa. Yeye aliandika kwa mkono, duka la fotokopi wakachapa, mimi nikashona karatasi kwa sindano ya viatu na uzi uliopakwa nta. Kitabu changu hakiachii kurasa, hata ukimpiga mbwa nacho. Vilitoka kwa vipande, kila Jumamosi kipande kimoja, na vilipanda malori hadi Bukavu, vikapanda boti hadi Kalemie, vikavuka mpaka hadi Bujumbura. Kipande cha mwisho alikificha ndani ya shati mpaka siku yake. Hata mimi mshonaji sikuonyeshwa. Alisema, "Fundi, weye mdomo yako haina kifungo." Ni kweli. Na mtaona.

Mahali pa kuvisoma palikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya benchi langu, kwenye kabare ya mama mmoja mjane aliyepika kasiksi, pombe ya ndizi. Kasiksi yake ilikuwa nyekundu, ina povu, haikuumi kichwa. Jumamosi mchana watu walijaa pale, mmoja anayejua kusoma vizuri anasimama, wengine wanakunywa na kubishana nani muuaji. Yule mama alipita katikati na vikombe, akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Alikuwa na ukucha mrefu wa kidole gumba, mgumu kama kijiko, aliufuga kwa kumenyea ndizi mbivu. Alimenya ndizi mia wewe ukiwa bado unatafuta kisu.

Sasa nieleze desturi moja, kwa wale wa mbali. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako. Awe mama yako, awe padri, anaonja, anameza, ndipo anakupa. Hatuulizani kwa nini. Huku tuna neno karuho, sumu ya polepole, mtu anapewa leo anakufa baada ya miezi, na hakuna familia isiyodhani imeshapoteza mtu hivyo. Kuonja ndiko kulikotuwezesha kuketi pamoja. Bila kule kuonja, kila mtu angekunywa peke yake nyuma ya nyumba kama mbuzi aliyeiba.

Siku moja Mwandishi akaja kwangu nimpanulie kiatu cha kushoto. Nitarudi kwenye kiatu hicho. Akakaa kwenye ndoo yangu, akasema:

"Fundi, mwenye kukupa pombe anaonja kwanza, sivyo? Sasa muntu akitaka kukuua, atafanya namna gani?"

"Weye Karani, unataka kuua nani?"

"Minye niko natafuta kuua muntu mu kitabu."

"Ukucha," nikamwambia. Hata sikufikiri. "Anaficha dawa chini ya ukucha ya kidole gumba. Anaonja mbele yako, anakuchekea, halafu wakati wa kukupa kikombe anachovya kidole. Weye unasema aksanti."

"Uliona?"

"Nilisikia ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya bantu yote!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa kaye. "Na huyo mwanamuke, anafanana namna gani?"

Hapo ndipo ninapojilaumu. Ningeweza kumtunga mwanamke yeyote, mimi niliyetunga majitu na fisi waliooa binadamu. Lakini macho yangu yalikuwa yanatazama ng'ambo ya barabara, na mdomo ukafuata macho. Nikamwambia: mnene kidogo, anaimba kwa pua, ukucha mrefu.

Kitabu kikatoka. Kipande cha kwanza kulikuwa na harusi, cha pili kulikuwa na maiti, cha tatu mpelelezi akaeleza ile njia ya ukucha. Jumamosi ile hakuna aliyebishana. Watu walisikiliza, wakatazama vikombe vyao. Yule mama mwenyewe alicheka, akainua kidole chake juu, akasema, "Jamani, mumenikamata!" Wachache wakacheka naye. Nilihesabu waliomaliza pombe yao, hawakufika nusu.

Lazima muelewe kosa letu, maana mtu wa kwingine hawezi kulifanya. Ile habari ya ukucha tuliijua sote, lakini ilikuwa ya kunong'ona. Sasa ilikuwa imeandikwa, na imeandikwa na nani? Na karani wa tribunali. Mkono uleule ulioandika PV za wezi na wauaji miaka yote ile. Watu walisema huyu hatungi, huyu anatoa mafaili ya zamani, anaficha majina tu. Mzee mmoja wa kanisani aliniambia kwa sauti ya chini, "Serikali inapitisha habari kwake." Nilimwambia ni hadithi. Akanitazama kama mtu aliyenunuliwa.

Wiki ile nyumba zetu zilibadilika. Sijui niseme vipi. Kwenye ubatizo mmoja shangazi alirudisha kikombe kikiwa kimejaa. Wanaume walianza kutembea na chupa zao mfukoni. Mke wangu mwenyewe, tumekaa naye tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, aliniletea chai, akaonja, akanipa, na nikajikuta natazama kidole chake. Aliona. Alichukua ile chai akaenda kuimwaga mlangoni, na mpaka leo chai najichukulia mwenyewe jikoni.

Kipande cha nne kiliishia mpelelezi anasimama mbele ya mwanamke mwenye kuimba, anaacha kutazama viatu, anatazama mkono wake. Basi, kimekatika hapo, ngoja Jumamosi. Ndivyo alivyozoea kukata, pale ambapo roho inauma. Jumanne yake akafa mtu wa kweli.

Alikuwa mpakia malori, mnywaji wa pale kwa mama. Tumbo lilikuwa limemsumbua mwezi mzima, sote tulimwona akijikunja kando ya barabara. Lakini alikunywa pale Jumamosi, na Jumanne akafa, na katikati kulikuwa na kile kipande cha nne. Kaka yake ndiye fundi tairi wa pale kona. Msimfikirie kama jambazi. Ni mtu mzima, anaimba besi kwenye kwaya, mimi mwenyewe nimemshonea viatu vya harusi. Alimzika mdogo wake Jumatano. Kwenye kilio waliniita kama kawaida, nikafika, na watu hawakutaka hadithi yangu. Walitaka kipande cha nne. Wakakisoma mara mbili.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na tairi mbele ya lango la yule mama. Tairi zee, limeegemezwa ukutani vizuri, kana kwamba aliyeliweka analipenda. Hapa kwetu tairi kwenye lango la mtu halihitaji barua. Tumeshaona, miaka ya nyuma, jinsi mtu anavyovalishwa tairi, na petroli inavyomwagwa. Jua likatoka, watoto wakaenda shule, wakapita upande wa pili wa barabara bila kuambiwa. Hakuna mnunuzi aliyeingia. Yule mama alitoka na fagio, akafagia mpaka kwenye tairi, akazunguka, akaendelea kufagia. Hakuligusa.

Nilifunga sindano zangu nikaenda kwa Mwandishi.

"Karani, toa mwisho! Toa leo! Sema si yeye!"

"Si yeye," akasema.

"Basi nenda ukawasomee!"

Nje upepo wa ziwani ulikuwa unapiga mabati. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji, na maji mwaka ule yalikuwa yamepanda, yameshameza jiko la jirani. Mwishowe akasema atasoma kesho, Ijumaa, mchana, watu wote wakiwepo.

Ijumaa walikuwepo kweli. Hata wale wasiokunywa. Walisimama barabarani, pikipiki zikashindwa kupita, na waendesha pikipiki nao wakazima moto wakasimama. Fundi tairi alikuwa mbele, amevaa suruali ya kazi. Kando yake kidumu cha njano. Sikujua kina nini na sikutaka kujua. Yule mama alikaa kwenye kiti ndani ya lango lake, binti yake mkubwa amesimama nyuma amemshika mabega.

Mwandishi akaja akitembea taratibu. Akatoa karatasi ndani ya shati. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Akafika mahali mpelelezi anapowaita wote chumbani ili amtaje muuaji. Akavuta pumzi. Akainua macho, akamtazama fundi tairi. Akakunja karatasi.

"Soma!" wakapiga kelele. "Karani, soma! Unaogopa nini?"

"Huyu mama amemulisha!" mwingine akasema. "Amekula kwake!"

Mimi nilidhani amepatwa na uzee. Baadaye ndipo aliponiambia. Muuaji kwenye kitabu chake, aliyemwandika miezi mitatu kabla, alikuwa kaka wa marehemu. Fikirieni. Angelisoma vile, na wao wanaamini kila herufi yake ni PV, tairi lingehama lango moja kwenda lango lingine kabla jua halijazama. Hakuwa na mwisho wa kuwapa. Mtu aliyejua miisho kuliko sisi sote alisimama pale mikono mitupu.

Akamgeukia mama. "Mama, niletee kikombe. Usionje."

Mama akaleta. Povu likamwagikia kwenye kitenge chake.

"Tia kidole ndani. Kile kidole. Tia yote. Koroga."

"Baba, hapana," mama akasema. "Unanidhalilisha."

"Koroga, mama. Nisamehe."

Akakoroga. Mwandishi akanywa mpaka chini, akageuza kikombe, tone moja likaanguka barabarani. Akampa mama kikombe, akamwambia ongeza. Akanywa cha pili.

Na katika wote waliosimama pale, mimi peke yangu nilijua kuhusu mguu.

Nilisema nitarudi kwenye kiatu. Mwandishi alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka. Mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda chini ya kisigino ambacho hakikufunga. Alikificha kwa kila mtu, hana mke, hana mtoto. Lakini fundi viatu humfichi. Nilimkatia kiatu kwa ndani, nikamtilia ngozi laini ya ndama, na kila mwezi nilikipanua kidogo. Nilisikia harufu. Wiki ile kidole kidogo kilikuwa cheusi tayari. Mtu huyu alikuwa anakufa, polepole, vilevile kama wanavyosema karuho inavyoua. Na sasa alikuwa amekunywa mbele ya mji mzima.

Fundi tairi alisema kwa utulivu, na utulivu wake uliniogopesha kuliko kelele. "Muzee, tumeona. Umekunywa. Lakini karuho haina haraka. Tutangoja mupaka wavune mchele ya Sange. Ukiwa muzima, minye mwenyewe nitamuomba huyu mama masamaha, magoti chini. Ukikufa..." Hakumaliza. Akachukua kidumu chake. Tairi aliliacha.

Mpaka mavuno ilikuwa miezi mitano, au karibu.

Nilimfuata Mwandishi nyumbani. "Karani, umefanya nini? Ule mguu!"

"Najua hesabu ya mguu wangu, Fundi. Ningefanya nini? Kulikuwa na kidumu." Akavua kiatu, tukautazama pamoja. Kisha akasema kitu ambacho nimekisikia kichwani mwangu kila siku tangu hapo. "Miaka yote naandika namna muuaji anavyoficha maiti. Sasa lazima nifiche yangu."

Kwa wiki sita alitembea. Kila asubuhi alivuka Kimanga kwa miguu, akamsalimu fundi tairi, akaketi kwa yule mama, akanywa kikombe kimoja cha maji. Maji tu, kasiksi ingemmaliza mapema. Watu walimtazama wakimhesabia. "Karani, unakonda?" "Nakonda juu sina bibi!" Wakacheka. Mimi nilimtengenezea kiatu kipya chenye soli ngumu ya gari ili asichechemee, nikajaza pamba ndani. Jioni nilipokivua pamba ilitoka na rangi. Dawa za lopitali alinywa, alichelewa tu. Daktari alitaka kukata mguu. Alikataa, si kwa ujinga. Alisema, "Mguu ukikatwa wataona. Na wakiona, watasema sumu imeanzia chini."

Aliposhindwa kutembea tulimwondoa mchana kweupe, saa nne, katikati ya watu. Alitaka hivyo. Suti, sanduku, kofia. Akatangaza anaenda Lubumbashi, atapanda ndege Bukavu, kuna watu wanataka kuchapisha vitabu vyake kwenye masini kubwa. Fundi tairi mwenyewe alimbebea sanduku mpaka kwenye basi dogo. Nilipanda naye kwa kisingizio cha kwenda kutafuta ngozi za ng'ombe upande wa Mulenge. Basi lilipofika Sange tukashuka, dada yake akatupokea, na hakuna aliyejua zaidi ya sisi watatu.

Nyumba ya dada ilikuwa mwisho wa njia, baada yake ni mpunga tu. Nilienda kila wiki mbili. Mpunga ulikuwa kijani, kisha ukatoa masuke, na yeye aliutazama dirishani akiuogopa. Sijawahi kuona mkulima, wala mtoto wa mkulima, anayeogopa mpunga kuiva. Aliandika amelala. Aliandika upya mwisho wa kile kitabu, vipande vingi kuliko ilivyopaswa, ili niwe nacho cha kutoa kila Jumamosi. "Mwandishi anayetoa vipande," alisema, "hajafa." Pia alisema maneno kwenye simu ya dada yake, jumbe za sauti, akifunga macho ili apate sauti ya mtu mzima wa afya. Tukapatana: mimi nikibipa mara mbili, dada anatuma moja.

Nikamuuliza, "Na baadaye, Karani? Nitawaambia lini?"

"Usiwaambie. Fundi, nisikilize. Usiwaambie kamwe. Hata yule mama akifa. Kamwe."

Akafa wakati masuke yanaanza kuinama. Tulimzika mimi, dada, na mtu mmoja wa kuchimba ambaye aliambiwa ni mkwe wa mbali. Hakukuwa na turubai, hakukuwa na kilio, hakuna aliyepaza sauti. Mimi nimesema kwenye misiba ya wezi, ya walevi, ya mtu aliyempiga mama yake, na kila mmoja nilimpatia neno. Yule, ambaye vitabu vyake vilisomwa pande zote za ziwa, sikumwambia kitu, kwa sababu jirani alikuwa anapalilia karibu na angesikia. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kimanga nagawa kipande cha kumi na saba.

Wakavuna. Fundi tairi akaja kwenye benchi langu na watu wanne.

"Karani iko wapi?"

"Iko Lubumbashi. Si unasoma vipande vyake?"

"Nasoma. Mupigie simu. Hapa."

Nikatoa simu. Vidole vyangu vilikuwa na gundi, nikashukuru ile gundi, walidhani ndiyo inanichelewesha. "Sina uniti," nikasema, "namubipa tu." Nikabipa mara moja, mara mbili. Tukangoja. Lori likapita, vumbi likatulia. Mtu mmoja akaanza kusema "Mzee huyu anatu..." na simu ikalia. Nikafungua ujumbe. Sauti ya Mwandishi ikatoka, kubwa, yenye hasira ya kawaida yake: "Fundi, acha kunisumbua! Niko mbele ya masini, kelele nyingi! Waambie watu wa Kimanga nitarudi nikimaliza, na yule fundi tairi mwambie ajifunze besi, alikuwa anaimba kama gari lisilo na mafuta!"

Wakacheka. Wote wanne. Fundi tairi alicheka mpaka akafuta macho. Na mimi nilicheka nao, nimeshika mkononi sauti ya mtu niliyemfukia kwa jembe.

Alienda kweli, magoti chini, mbele ya yule mama. Akaliondoa tairi. Kitabu kiliisha kwa mwisho mpya: hakuna aliyemlisha mtu sumu, mtu alikufa kwa tumbo lake, na mpelelezi anarudi nyumbani na aibu. Wasomaji walisema ndicho kitabu kibaya kuliko vyote.

Yule mama aliishi miaka mingine kadhaa. Alipika, aliimba kwa pua. Mwezi huu uliopita alikufa kitandani kwake, mzee, amezungukwa na wajukuu. Na wakaniita kwenye kilio.

Siku ya tatu wakasema, "Muzee Fundi, tupe kitu." Nilitazama wafiwa. Nilitazama yule binti yake mkubwa, anayeendesha kabare sasa. Nikafikiri: mama ameshakwenda mahali ambapo tairi halifiki. Mwandishi hajapata kilio hata kimoja. Miaka yote hii namdai Mungu ruhusa ya kumlilia. Basi nikafungua mdomo, nikasimulia yote, kuanzia kikombe mpaka Sange, kaburi, simu. Nilisimulia vizuri, nasema bila aibu, sijawahi kusimulia vile. Nilipomaliza nililia.

Hakuna mwingine aliyelia. Fundi tairi, nywele nyeupe sasa, alikuwa amekaa karibu na nguzo ya turubai. Alikuwa kama anajumlisha. Kisha akasema polepole:

"Kwa hiyo alikunywa. Na kabla ya mavuno, alikufa."

"Mguu!" nikasema. "Nimewaambia, mguu! Sukari! Ulikuwa umeoza kabla..."

"Nasikia, Muzee. Mguu." Akainuka. Hakunitazama mimi. Alimtazama binti wa marehemu, ambaye wakati huohuo alikuwa anapita na sinia la vikombe, kidole chake kwenye ukingo. Na wote waliokuwa chini ya turubai wakatazama alipotazama yeye.

Ndiyo maana naandika, mimi nisiyejua kuandika vizuri, kwa vile maneno ya mdomo yameshaniponyoka mara mbili. Nimeandika kama PV, waliamini karatasi siku zile, pengine wataamini na hii. Mguu wa Mwandishi ulioza kabla ya kikombe, miezi mingi kabla. Mimi ndiye niliyekipanua kiatu. Natia kidole changu hapa chini.

Nimemwambia binti ahame. Amesema, "Baba, nikihama ndiyo nimekubali." Ana haki. Kwa hiyo nimevusha benchi langu, ndoo yangu na sindano zangu ng'ambo ya barabara, nimekaa mbele ya lango lake tangu asubuhi. Atakayetaka kuingia atanipita mimi kwanza. Leo wamepita watatu. Wamenisalimu vizuri, kwa heshima, "Muzee, habari ya kazi?" Hakuna aliyeleta kiatu.